Wapenzi wa visu, mnaishi kwa kazi gani? Naomba ushauri kabla sijaacha ajira

Mwana Ufipa

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 31, nakaa Mbagala na mke na mtoto mmoja. Kazi yangu ni ukarani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara ni wa kawaida, lakini tarehe ikifika unaingia.

Kilichonileta hapa ni visu. Nimevipenda tangu nikiwa Sumbawanga kwa babu mzaa mama. Alikuwa na kisu kimoja tu, kimenolewa miaka na miaka mpaka bapa limebaki upana wa kidole, na hakuna aliyekigusa bila kumwomba ruhusa. Ndiye aliyenionyesha vifusi vya udongo mwekundu porini, akaniambia hapo palikuwa na malungu, zile tanuri ndefu kupita mtu ambazo Wafipa walikuwa wakiyeyushia chuma. Tangu siku ile nikishika chuma nahisi nimeshika kitu cha kwetu.

Huu mwaka wa tatu natengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba. Springi za gari nanunua kwa wauza vyuma chakavu, nakata kwa grinda, napasha kwa mkaa na feni, nazima kwenye oili chafu, mpini naweka wa mninga. Nimeuza visu 14, kati ya sh 35,000 na sh 60,000, karibu vyote kwa watu tunaofahamiana. Mwezi uliopita kimoja kilirudi kimekatika. Aliyekinunua ni mpishi wa shughuli, na alikuwa anapasua boga tu. Nilimrudishia hela yake, ila usiku ule sikupata usingizi.

Naomba mnijibu kwa ukweli. Ninyi mnaopenda visu kama mimi, mnaendesha maisha kwa kazi gani? Yupo anayekula, kulipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto kwa visu peke yake? Nimepanga kuacha kazi Desemba. Mke wangu hajakataa, ila amenyamaza, na ukimya wake naujua.

Bucha la Kona

Mimi nauza nyama, mwaka wa 19 huu. Visu ndiyo mikono yangu. Ninavyo saba na kila kimoja kina kazi yake. Cha kuchunia kina tumbo la duara na ncha isiyochoma, maana ngozi ikitobolewa bei yake inashuka papo hapo. Cha kutoa mifupa ni chembamba. Kiunoni naning'iniza chuma cha kunolea, na watu wengi hawajui kwamba kile chuma hakinoi, kinanyoosha makali yaliyolala. Nakipitisha kila baada ya dakika chache.

Nakwambia hili ujue mnunuzi wako ni nani. Sisi tunaotumia kisu kutwa nzima hatununui kizuri, tunanunua kinachovumilia. Mpini wa mninga kwangu unaingia damu na mafuta, wiki mbili unanuka, na bwana afya akija ananigombeza. Mimi nataka wa plastiki ninaoweza kuuosha kwa maji ya moto.

Noa Noa wa Temeke

Kaka, mimi naishi kwa visu, lakini sijawahi kutengeneza hata kimoja. Nanoa mtaani kwa baiskeli. Naisimamisha kwa stendi, tairi la nyuma linakaa juu, mkanda unazungusha jiwe, nami nakanyaga pedeli. Kisu sh 1,000, mkasi wa fundi cherehani sh 2,000, panga tunaelewana. Siku nzuri naondoka na sh 25,000. Mvua ikinyesha narudi nyumbani sina kitu. Wiki ya kabla ya Idd el-Hajj na ile ya kabla ya Krismasi ndizo zinazonilipia kodi.

Jiwe la kuzunguka lina hatari moja. Ukikandamiza sana bila kuchovya kwenye maji, ukaona ukingo wa kisu umegeuka bluu, basi pale ugumu umeshaondoka. Kitakata leo, kesho kitarudi butu na mteja atakuita tapeli. Mimi kopo la maji halikauki.

Usiache kazi bado. Anza na kunoa Jumamosi. Anayeuza kisu anamwona mteja mara moja kwa miaka, mimi wangu namwona kila mwezi.

Mwl. Fizikia, Iringa

Mimi ni mwalimu wa sekondari na visu ni mapenzi ya jioni. Nimewafuatilia sana mafundi wakubwa wa Marekani, na swali lako linawagusa hata wao. Bo Randall alikuwa na mashamba ya machungwa Florida alipoanza kutengeneza visu miaka ya 1930. Bob Loveless alikuwa baharia, na kisu chake cha kwanza alikifua kwa springi ya gari bovu, kama zako. Bill Moran alikuwa mkulima kule Maryland kabla visu havijawa kazi yake.

Moran huyo ndiye aliyeanzisha chama cha wahunzi wa visu, American Bladesmith Society, mwaka 1976. Jaribio lao la kupanda daraja nalipenda sana. Kisu kimoja kinakata kwa pigo moja kamba ya inchi 1 inayoning'inia, kinatema mbao ya mbili kwa nne mpaka ikatike, mara mbili, halafu makali yaleyale lazima yanyoe nywele za mkono. Mwisho kinabanwa kwenye jiliwa na kukunjwa nyuzi 90 bila kuvunjika vipande. Ukiweza kukifanyia kisu chako hivyo, ndipo uzungumze habari ya kuacha kazi.

Mzee wa Fuawe

Mwana Ufipa, kile kisu kilichokatika bado unacho? Tazama pale kilipokatikia, kwenye mwanga wa jua. Kuna punje kama za sukari, au ni pa kijivu, laini kama jivu lililochekechwa?

Mwana Ufipa

Shikamoo mzee. Ninacho. Nimekitazama sasa hivi kwa tochi ya simu. Ni punje, zinametameta kama sukari kabisa.

Mzee wa Fuawe

Marahaba mwanangu. Basi tatizo si springi, umekiunguza. Nafua chuma miaka 34, majembe, patasi, mapanga, visu, na hilo kosa nimelifanya kabla yako.

Sikiliza. Chuma kikipashwa kupita kiasi, punje za ndani zinakua. Kinaonekana kizima, kinashika makali, siku moja kinakatika kama biskuti. Usipashe chuma juani, huoni rangi yake. Fanya jioni au ndani ya banda la giza, na uwe na sumaku kwenye waya. Chuma kinapofika nyuzi kama 770 sumaku inaacha kukishika. Hapo ongeza kidogo tu, rangi ipande hatua moja, kisha kizime. Usiende kwenye rangi ya machungwa iliyoiva, wala usisubiri njano.

Oili chafu achana nayo. Moshi wake unaingia kifuani na una kila uchafu wa injini. Mimi natumia mafuta ya alizeti, nayapasha kwanza mpaka yawe ya moto kiasi cha kidole kukataa kukaa. Mafuta ya baridi ni mazito, hayakimbizi joto vizuri.

Kikishazimwa, pitisha tupa. Ikiteleza kama kwenye kioo, kimekubali. Lakini hapo bado si kisu, kina ugumu wa chupa. Kisafishe, kiweke kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa mbili, kitoe kipoe, kirudishe saa mbili nyingine. Hukuitaja hatua hii hata kidogo kwenye maelezo yako, na naogopa hukuwa unaifanya.

Na springi usiokote yoyote. Iliyobeba mzigo miaka 20 inaweza kuwa na ufa mwembamba usiouona mpaka umeshaizima.

Kuhusu riziki: mimi nasomesha kwa fuawe, ila visu ni sehemu ndogo. Patasi za maseremala na majembe ndiyo ugali, visu ni mboga. Vile visu 13 vilivyobaki viite virudi.

Jiko la Nungwi

Ni mpishi wa hoteli Unguja, na ni mwanamke, nasema kwa sababu nikitaja visu watu hushangaa. Nina kimoja cha Kijapani nilichojinunulia kwa akiba ya miezi minne. Chuma chake ni kigumu na makali ni membamba mno, kinapita kwenye pweza kama hakuna kitu. Mgeni wa zamu alikichukua bila kuniuliza akapasulia kichwa cha samaki changu, makali yakatoka meno manne. Nilitumia saa tatu juu ya jiwe la maji kuyaondoa.

Jikoni kwetu tupo wapishi tisa na hakuna mnoaji hata mmoja. Kaka, hoteli zinalipa kwa risiti. Ukija kila baada ya wiki mbili, ukanoa vyote kwa jiwe la mkono na si kwa grinda, mhasibu ataona ni nafuu kuliko kununua vipya. Ukifanya hivyo huko Dar na mahoteli yake, utakuwa na tarehe ya kulipwa kama unayoiogopea sasa.

Mtu wa Maskati

Assalaam aleikum. Mimi mzawa wa Unguja, nipo Oman, kazi yangu ni dereva wa lori. Mapenzi yangu ni jambia, ile khanjar iliyo kwenye bendera ya huku. Nimekaa sana na mafundi wa soko la Nizwa. Bei ya jambia haitoki kwenye bapa. Inatoka kwenye mpini na ala, kwenye nyuzi za fedha, na mikono mingi inapita hapo, sonara, mshona mkanda. Bapa peke yake ndilo la bei ndogo.

Nakushauri ujifunze kushona ala za ngozi. Visu vyako naamini unavifunga kwenye gazeti.

Mwana Ufipa

Narudi baada ya wiki tano, na nawashukuru wote kwa moyo.

Mzee, ulisema kweli, sikuwa nikifanya hatua ya oveni. Nimepata visu 11 kati ya vile 13. Viwili wenyewe wamehama. Nimetengeneza kimoja kipya kwa sumaku na alizeti, nikakifunga kwenye jiliwa. Kilikunjika kama nyuzi 60, kikabaki kizima. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni anaangalia.

Jumamosi nakwenda soko la samaki la Feri saa kumi na moja alfajiri na mawe mawili. Mama mmoja anayepara samaki alinipa visu viwili vya majaribio, Jumamosi iliyofuata akaniletea vinane na jirani zake watatu. Hoteli moja imeniambia nilete barua na namba ya mlipakodi. Mtu wa Maskati, ni kweli, gazeti.

Desemba nabaki ofisini.

Mzee wa Fuawe

Nyuzi 60 si haba. Jumamosi ukitoka Feri pitia kwangu Gerezani, nimekuandikia faragha pa kunipata. Njoo na kile kipande kilichokatika na springi usiyoikata. Uje umevaa viatu vya kufunika.