Yule muuza bunduki wa "si imeingia?" atatupofua mji mzima

Mleta uzi:
Wakuu, simtaji. Mnamjua. Mtwara hii hakuna wawili wa namna yake, na kama wapo basi tufunge virago tuvuke Ruvuma.

Mtu anaulizia bunduki ya leva, ile ya kukoki kwa wenzo wa chini kama ya macowboy, ya risasi ya .22 Magnum. Ipo? Haipo? Ikiagizwa risasi zake zitapatikana wapi? Jibu la bwana mkubwa: anachukua .22 LR, ile ndogo ya kila siku, anaitumbukiza kwa kidole kwenye chemba ya bunduki ya Magnum ya kukoki kwa bolti iliyolala mezani, kisha anakukodolea macho: "Si imeingia?"

SI IMEINGIA! Hata mguu wa mtoto unaingia kwenye buti la mwanajeshi!

Ganda la LR lina unene wa milimita 5.7. La Magnum ni 6.1. Huo upenyo ndio unaoua. Ganda lisipokuwa na ukuta wa kuegemea linavimba, linapasuka ubavuni, na gesi inarudi nyuma kulikokaa jicho lako. Lisipopasuka linanasa, unabaki kulichokonoa na ufito. Kichwa nacho kinatoka kimeyumba: unalenga ngedere, unatoboa mkorosho wa jirani. Winchester walipoitoa Magnum mwaka 1959 hawakurefusha ganda tu, walilinenepesha pia. Kichwa cha greni 40 (gramu 2.6) kwenye LR kinatoka kwa mita kama 370 kwa sekunde, kwenye Magnum kinakaribia 580. Ni kaliba mbili tofauti, wala leseni haiandikwi "si imeingia".

Na kabla ya hapo alikuwa anaikoki na kuifyatua tupu, ta! ta! ta!, kuwafurahisha wateja. Hizi ni bunduki za ukingo jamani! Fataki imo ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo pini inagonga pembeni. Pasipokuwa na ganda, pini inaweza kula mdomo wa chemba na kuacha kovu. Baadaye risasi inagoma kuingia, au inaingia na kugoma kutoka. Halafu atakuuzia hiyohiyo kwa bei ya mpya. Si imeingia?

Ngedere_Mstaafu:
Bunduki ya leva Mtwara? Farasi umeshapata au bado unaulizia? 😂

Mwana_Nachingwea:
Kama ni ya nguruwe pori, muuzaji kakuokoa. Kichwa cha gramu 2.6 unamchubua tu, anakimbilia msituni na kidonda na hasira. Hata ukiwa na kibali, .22 yoyote kwa nguruwe ni dhambi.

Mleta uzi:
Nani kataja nguruwe? Nimesema SI IMEINGIA. Soma.

Fundi_Mtutu:
Tuache utani kidogo. Leva za .22 Magnum zipo, tatizo ni kwamba kila anayeagiza anaagiza LR. Kampuni ya Henry wanayo, modeli H001M, inameza risasi 11. Winchester 9422M ni tamu zaidi ila ilitengenezwa 1972 hadi 2005, kwa hiyo utaipata iliyokwisha tumika tu. Ukiiona, usiamini karatasi, soma mtutu: lazima paandikwe Magnum au WMR, kifupi cha Magnum hiyohiyo. Chomoa bomba la magazini uangalie springi na kutu, maana hewa ya bahari hii haina huruma. Mulika tochi mdomo wa chemba utafute hilo kovu alilolisema mleta uzi. Na hakikisha risasi kabla ya bunduki. Za ukingo ganda likishapigwa ni la kutupa, hujazi upya, siku duka likiishiwa unabaki na fimbo ya bei mbaya.

Ila mleta uzi usitukane kila kinachoingia. Anayetaka leva ya .327 Federal Magnum, kaliba nyingine kabisa, huyo ndiye wa kuhurumiwa kweli kwa uhaba. Kule "si imeingia" ni halali: risasi ya .32 H&R ya 1984 ina ganda la milimita 27, .327 ya 2008 ina 30, unene uleule. Fupi inakaa kwenye chemba ndefu na kupigika salama. Kinachosumbua ni mlisho. Leva imepimwa kwa urefu fulani, ukiweka fupi mno, ya pili inachungulia kwenye kipandisho kabla ya zamu yake, leva inakwama nusu. Na kwenye bomba, risasi za fataki ya katikati kama hizi ziwe za kichwa bapa. Kichwa kilichochongoka kinaegemea fataki ya mwenzake na kinaweza kuilipua.

Mleta uzi:
Mkuu, unene uleule! Umejijibu mwenyewe! Kwenye .22 unene ni TOFAUTI. Usimtetee yule mtu.

Ngedere_Mstaafu:
Ashaanza kupiga kelele, mpeni maji. Na nyasi za farasi.

Korosho_Daraja_la_Kwanza:
Nyie wa bunduki mna nafuu. Kuna mmoja wa vipuri, simtaji naye, mashine ya kupulizia mikorosho salfa inataka plagi fupi, anakupa ya uzi mrefu. Ukiuliza: "Si inakaza?" Inakaza ndiyo! Unavuta kamba, plagi inapigana na pistoni, msimu wa ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, unaishia gereji.

Mwana_Nachingwea:
Huyo namjua 😂😂. Na oili yake ya tustroki ni maji. Mashine inayotaka mililita 40 kwa lita ya petroli, yeye anakwambia "kadiria".

Mama_Salfa_Lindi:
Mnalia plagi, salfa yenyewe mmeiona? Mabonge! Inaziba bomba alfajiri, umande unakauka unaangalia, vumbi halishiki tena kwenye jani.

Mleta uzi:
Uzi ni wa bunduki jamani.

Korosho_Daraja_la_Kwanza:
Mama, mabonge yachekeche kwa chandarua cha zamani kabla ya kujaza tangi. Mwenye plagi fupi Masasi aseme bei.