Madalali wa stoo za kupangisha, hesabu ya kufuli si hesabu ya pesa!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Natafuta kununua stoo za kupangisha, zile zenye vyumba vingi vidogo ambavyo mtu analipia kwa mwezi ili aweke fanicha, mafaili au bidhaa zake. Kwa anayeijua, ni biashara nzuri. Hakuna jiko wala bafu la mpangaji la kukarabati, akiondoka unafagia chumba na kukipangisha tena. Kinachonikera ni madalali wanaoiuza bila kuijua, na wengine wanaoijua vizuri sana ndiyo maana wanaficha.

Mwaka mzima wanauza nyumba na viwanja. Wakipata stoo moja wanaitangaza vilevile: picha ya geti, ukubwa wa eneo, "karibu na barabara kuu", basi. Uliza kuna vyumba vya ukubwa gani na vingapi kwa kila ukubwa, hajui. Uliza ndani ya kilomita 5 kuna stoo nyingine ngapi na kama kuna inayojengwa, anakushangaa. Jamani! Watu wengi hukodi stoo iliyo karibu na wanapoishi au wanapofanyia kazi, na mikataba hii kwa kawaida ni ya mwezi kwa mwezi. Jirani akifungua mpya na kuanza kutoa mwezi wa kwanza bure, mapato yako yanayumba. Swali hilo unaanza nalo kabla hata ya kutaja bei.

Hili la karibuni ndilo limenifikisha hapa. Dalali kanitumia tangazo, "Imejaa asilimia 92." Nikaenda kuona. Tukapita kwenye korido, yeye mbele anagonga milango kwa funguo za gari, "Unaona kaka, kufuli, kufuli, kufuli, vyote vina watu." Mlango mmoja nikauona una kufuli mbili. Mbele kidogo mwingine hivyo hivyo, na mwingine tena. Kwa asiyejua, kufuli ya kwanza ni ya mpangaji. Ya pili ni ya mwenye stoo, huiweka mpangaji anapoacha kulipa ili asitoe vitu mpaka amalize deni. Yaani chumba kina vitu ila hakiingizi hata senti! Nikamwuliza wanaodaiwa ni wangapi. Akajibu, "Hayo ni mambo madogo, utayamaliza ukishanunua."

Mambo madogo? Chukua mfano wa vyumba 100, vyenye vitu ni 92. Wapangaji 15 hawalipi, na wengine 10 wapo kwenye ofa ya nusu kodi. Kodi kamili inatoka kwenye vyumba 67, ongeza hizo nusu 10 ambazo ni sawa na 5. Una 72, halafu mtu anakupigia bei ya 92!

Upande wa gharama ndiko kunakopikwa zaidi. Mwenye mali anakaa ofisini mwenyewe, anapokea simu, anafagia, hajilipi mshahara. Dalali anaandika gharama ya usimamizi sifuri. Wewe ukinunua utaajiri mtu. Bima inaandikwa ile ya zamani, kodi ya jengo ile ya zamani, wakati sehemu nyingi thamani hupitiwa upya mali ikishauzwa. Na mali hizi huuzwa kwa kuangalia faida halisi ya mwaka. Kama wanunuzi wanataka faida ya asilimia 8 ya bei, mshahara wa 1,000 kwa mwezi uliofichwa ni 12,000 kwa mwaka, na hizo 12,000 zinapandisha bei kwa 150,000, maana 12,000 ni asilimia 8 ya 150,000. Mshahara mmoja tu huo! Halafu unaletewa makadirio ya "mapato yatakavyokuwa ukipandisha kodi". Nikipandisha kodi kwa jasho langu, kwa nini nimlipe muuzaji leo?

Ukianza kuchimba, zinaanza presha. "Kuna mteja mwingine anakuja kesho." "Weka kishika uchumba kwanza, hakirudishwi, ndipo tutoe nyaraka." Na huku anakuambia yuko upande wako, wakati kamisheni yake inatoka kwa muuzaji na ni asilimia ya bei, kwa hiyo bei ikishuka na yeye anapungukiwa. Wengine wanaweka na cha juu bila hata muuzaji kujua. Kama unamfanyia kazi muuzaji, sema tangu siku ya kwanza, nitakuheshimu.

Wapo wanaojua kazi, sikatai. Yupo aliyenitumia orodha ya wapangaji na madeni yao, yaliyochelewa siku 30, 60 na 90, kabla sijaomba. Bei hatukuafikiana, lakini huyo nitampigia tena wakati wowote.

Kuna wanaonishauri niwaruke madalali, niwafuate wenye mali kwa barua na simu. Mwenye uzoefu aje hapa aseme: uliwapataje, na walikubali kukuonyesha hesabu? Na nyie madalali mliomo humu, mkija kujibu njooni na hili moja: kwa nini taarifa za benki za miezi 12 zitolewe baada ya kishika uchumba na siyo kabla?