Fizi zinatoka damu, meno ya chini yanacheza: ning'oe, nisafishwe kwa kina au nilipie leza?

Fundi wa Kariobangi

Habari zenu wandugu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yangu iko Kariobangi Light Industries, umri miaka 44. Kwa muda mrefu nikipiga mswaki natema damu. Sasa meno mawili ya mbele ya chini, yale ya katikati kabisa, yanacheza. Mahindi ya kuchoma siku hizi nayapukuchua kwa kidole kwanza ndipo nile.

Nimepita kliniki tatu na kila moja ina jibu lake na bei yake. Ya kwanza iko mjini. Daktari alichungulia kwa tochi, akasema yote mawili yang'olewe kwa 2,500 kila moja, kisha nitengenezewe meno bandia ya kuvaa na kuvua kwa 12,000. Ya pili iko Upper Hill. Hapo walipiga picha ya mdomo mzima, 3,000, wakapima fizi kwa kijichuma chembamba chenye alama, wakaniandikia kusafishwa kwa kina kwa ganzi: 9,000 kwa robo ya mdomo, yaani 36,000. Nimepewa karatasi iliyojaa 4, 5, 6 na penye meno yanayocheza kuna 7. Ya tatu wana mashine ya leza, 85,000 kwa mdomo wote, na wakaniambia nikishafanyiwa sitarudi tena.

Bima sina. Akiba niliyo nayo ni karo ya binti yangu ya muhula ujao, kwa hiyo kila shilingi lazima nijue imekwenda wapi. Sigara navuta. Mama mkwe anasisitiza kwamba kusafishwa ndiko kunakolegeza meno, na ameona watu. Naombeni mnisaidie nielewe ninacholipia.

Afisa wa Kinywa

Ndugu fundi, nafanya kazi ya afya ya kinywa katika hospitali ya umma hapa Nairobi. Nianze na hiyo karatasi, maana ndiyo yenye thamani kuliko vyote ulivyopewa.

Hizo tarakimu ni milimita. Kati ya ufizi na jino kuna kijinafasi, na kwa mtu mzima wa afya kina chake ni 1 hadi 3. Ugonjwa ukiingia, ufizi unaachana na jino na kinakuwa mfuko. Ndani ya mfuko kuna ukoga uliogeuka mgumu kama jiwe, umeshika kwenye mzizi, mahali ambapo mswaki haufiki na dawa ya meno haiuwezi. Mwili unapigana na vijidudu vya humo, na katika vita hivyo mfupa unaoshikilia jino unaliwa. 7 maana yake hapo mfupa umekwisha pungua sana. Picha ya eksirei itaonyesha umebaki kiasi gani.

Kwa hiyo bei tatu ulizopewa ni za vitu vitatu tofauti. 17,000 ya kung'oa na kuweka bandia haigusi ugonjwa hata kidogo. Inaondoa meno mawili na kuacha mifuko ya 5 na 6 kwenye mengine, nayo yatafuata. Tena aliyeamua kung'oa kwa tochi, bila kupima wala kupiga picha, hakuwa na cha kumwongoza. 36,000 ndiyo tiba yenyewe: kukwangua ukoga chini ya ufizi hadi mzizi uwe safi. Leza nayo isikutishe kwa bei. Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi, uliotolewa 2020, unashauri isiongezwe juu ya usafishaji wa kawaida. Na hakuna mashine ya kumfanya mgonjwa wa fizi asirudi. Mtu akikuahidi hivyo, mwulize tena mara ya pili.

Kuhusu mama mkwe, mwambie kwa heshima kwamba anachokiona ni kweli, ila chanzo chake ni kingine. Mfupa ulikwisha liwa zamani, na ukoga mgumu ndio uliokuwa umeziba mianya. Ukiondolewa, fizi zilizovimba zinanywea, mianya inaonekana, maji baridi yanauma kwa muda. Mtu anadhani ameharibiwa. Ukiwa umeelezwa mapema hutaogopa.

Usafishaji wa kina haurudishi mfupa. Unasimamisha upotevu. Baada ya miezi kama mitatu unapimwa upya: mifuko mingi itakuwa imepungua, na iliyobaki mirefu huenda ikahitaji upasuaji mdogo wa kufungua ufizi. Hiyo ni gharama nyingine, iulize leo. Meno yanayocheza yanaweza pia kufungwa pamoja kwa nyuma kwa waya mwembamba ili yatulie.

Na sigara, ndugu yangu. Inachelewesha fizi kupona kiasi kwamba unaweza kulipa 36,000 na kupata faida ya nusu yake. Anza hapo, ni bure.

Mama Zawadi, Umoja

Pole sana baba. Mimi nilipitia haya mwaka jana. Kabla ya kusafishwa daktari alinituma nikapime sukari, nikashangaa, meno na sukari wapi na wapi? Ikakutwa iko juu. Kumbe kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zenye usaha nazo hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Kapime, kipimo chenyewe hakina gharama kubwa.

Mimi nilitibiwa kliniki ya chuo cha meno cha Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Argwings Kodhek Road. Wanafunzi ndio wanaofanya na walimu wao wanakagua kila hatua. Bei ilikuwa chini sana kuliko ya Upper Hill, lakini jiandae kukaa. Miadi ni mirefu na kazi inakwenda polepole, kwa fundi mwenye wateja hilo ni pesa pia. Mimi sikujuta, maana sijawahi kuelezwa mdomo wangu kwa subira namna ile.

Jambo ambalo hakuna aliyekutajia bei: ziara za baadaye. Mimi huitwa kila baada ya miezi mitatu minne, 4,500. Ongeza na vile viburashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno.

Kijana wa Kayole

Mzee, kabla ya yote hayo jaribu vidonge vya kuua vijidudu, duka la dawa wanauza. Mjomba wangu alimeza damu ikakata.

Afisa wa Kinywa

Kijana, ilikata kwa sababu uvimbe ulitulia. Ukoga ulibaki mlemle, na mjomba atarudi alipokuwa. Vidonge hivyo havimezwi bila daktari, na kwa wagonjwa wengi wa fizi hata daktari haviandiki.

Fundi wa Kariobangi

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mama Zawadi, nitapima sukari Jumamosi. Afisa, swali la mwisho: naweza kulipia robo moja sasa, ile yenye meno yanayocheza, nyingine nikipata?

Afisa wa Kinywa

Unaweza, wengi hufanya hivyo. Ila meno yako mawili yako mpakani, moja ni la robo ya kulia na jingine ni la kushoto. Omba taya lote la chini kwanza, 18,000, na la juu lisichelewe sana. Nenda na karatasi yako na ile picha hata ukiamua kwenda Argwings Kodhek, usikubali kulipia nyingine bila kuelezwa sababu. Na popote uendapo, hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, jina lake hupatikana kwenye tovuti yao.