Atenueta yasoma sawa kwenye mita, signali yazidi

Fundi_Likoni:
Hamjambo mafundi. Nina jenereta ya signali ya miaka ya 1970, ndiyo napimia redio za VHF (masafa ya juu sana) za mashua. Juzi kijana wangu kabonyeza PTT (kitufe cha kurusha sauti) redio ikiwa bado imeungwa kwenye jenereta. Wati 25! Harufu tuliisikia sote. Tangu hapo, kwenye atenueta yake (kipunguza signali, chenye hatua za desibeli), 0, 10, 40 na 50 ziko sawa, lakini 20, 30, 60 na 70 signali inazidi kama desibeli 4 na nusu. Atenueta nimeitoa, nikaiweka kwenye 20, nikafunga omu 50 upande wa kutokea na kupima upande wa kuingilia: omu 51, karibu sawa na 50 inayotakiwa. Kontakti nimezisugua kwa spiriti mpaka zinameta. Au ni ile saketi ya kudhibiti nguvu?

MzeeWaMawimbi:
Saketi hiyo unaisingizia. Ingekuwa yenyewe, hata 10 na 40 zingeyumba. Kilichomo ndani ya 20, 30, 60 na 70 ni kipande cha desibeli 20. Jaribu 100 na 110, nazo zinakipitia, uone.

Sasa geuza. Omu 50 funga upande wa kuingilia, pima kutoka upande wa kutokea. Kipande hicho kina rizista tatu: omu 61 kwenda bodi (ardhi ya saketi), 248 katikati, 61 nyingine kwenda bodi. Nguvu ikirudi kinyumenyume, ile 61 ya upande wa kutokea humeza wati 20 katika hizo 25. Ikikatika, wewe uliye upande wa kuingilia unaichungulia kupitia 248, na mita haioni kitu.

Fundi_Likoni:
Shikamoo mzee! Omu 275 badala ya 50! Na 100 na 110 nazo zilikuwa zimezidi.

MzeeWaMawimbi:
Marahaba. Ndiyo hiyo, imekatika.

Antena_Tanga:
Kaka, 61 dukani huipati. Chukua 68 na 620, zifunge sambamba, utapata 61.3. Ziwe zile ndogo zisizo na miguu. Usidanganyike na rizista ya waya, kwenye VHF hiyo ni koili.

Fundi_Likoni:
Nimezichomea jana usiku kwa miwani ya marehemu babu, maana yangu haifai. 20 imerudi, na ndugu zake wote. Kijana bado yuko kazini, ila redio ikipanda mezani, maikrofoni inakaa mfukoni mwangu.