Sponji ya kolajeni (protini ya nyuzi za ngozi) kwa kidonda cha kisukari: ngozi ya tilapia, magamba au ngozi ya kodi (samaki wa bahari baridi, "cod")?

Malighafi: Wakuu, naagiza wiki hii. Ipi bora?

NyuziNne: Kwa lipi hasa? Kidonda kinatoa majimaji? Unaimarisha nyuzi kwa kemikali gani? Tutajie, la sivyo tunabahatisha.

Tibabaridi: Chukua ngozi ya tilapia. Kolajeni ya kodi wa Atlantiki hufumuka kwenye nyuzijoto 15 hivi, ya tilapia hustahimili hadi karibu 35. Loweka ngozi kwenye sodiamu haidroksaidi mola 0.1, osha mpaka maji yasiwe besi wala asidi, toa mafuta, ndipo asidi asetiki mola 0.5 kwa siku tatu, yote kwenye nyuzijoto 4.
Hatari kubwa ni chombo kuachwa mezani kwenye joto. Kolajeni inafumuka na kugeuka jelatini, na hakuna anayegundua, kwa sababu sponji ikishakaushwa kwa kugandishwa hutoka nyeupe na nzuri vilevile. Ukiiweka kwenye maji ya chumvi ya nyuzijoto 37, inalegea, inakuwa ute, inapotea. Jaribu kipande hivyo usiku kucha kabla hujaendelea na kundi zima.

Gamba: Magamba! Mafuta machache, harufu kidogo. Ila anza kutoa madini kwa EDTA (kemikali inayonasa kalisi), vinginevyo asidi haipenyi.

NyuziNne: Kodi msimwonee. Kampuni ya Kerecis ya Aislandi hutumia ngozi yake nzima iliyoondolewa seli. Nyuzi zake hazijayeyushwa, ndiyo maana inahimili joto la mwili. Tiba ya ngozi ya tilapia ya Fortaleza, Brazili, ilianzia kwenye majeraha ya moto, msiichanganye na kisukari.

Muuguzi_Vidonda: Mnasahau mguu wenyewe. Kama tishu mfu haijakatwa, mgonjwa anaukanyagia mguu na damu haifiki, sponji yoyote itaoza pale. Tena kipimo cha shinikizo la damu kifundoni hudanganya mishipa ikiwa imekakamaa, pimeni kwenye kidole cha mguu. Na muulizeni mgonjwa kuhusu mzio wa samaki.

Malighafi: Kinatoa majimaji mengi. Naimarisha kwa EDC, kemikali ya kuunganisha nyuzi.

Tibabaridi: Basi tilapia, na uoshe mabaki ya EDC vizuri. Utaua vijidudu kwa njia gani? Otoklevu (mtambo wa mvuke moto) itaiyeyusha.

Gamba: Mionzi ya gama.

NyuziNne: Gama hukata minyororo ya kolajeni. Bora gesi ya ethilini oksaidi, ukiipeperusha vya kutosha.

Gamba: Sponji iliyoimarishwa inaihimili gama vizuri zaidi. Pima nguvu kabla na baada.