Naomba ushauri: haipokloraiti au kloheksidini kwa mfereji wa mzizi wa jino?

Ndugu wataalamu wa meno, naomba ushauri kuhusu dawa ya kuoshea mfereji wa mzizi wa jino lililokwisha kutibiwa kisha maambukizi yakarudi. Haipokloraiti ya sodiamu (kemikali iliyomo kwenye dawa ya kung'arisha nguo), ambayo kwa kawaida hutumika kwa nguvu ya asilimia 0.5 hadi 5.25, huua bakteria na kuyeyusha mabaki ya tishu iliyokufa, ila ikipenya nje ya ncha ya mzizi huunguza vibaya. Kloheksidini (dawa nyingine ya kuua bakteria) ya asilimia 2 ni pole zaidi na uwezo wake wa kuzuia bakteria hudumu, lakini haiyeyushi tishu, upungufu ambao kwangu ni mkubwa. Tena dawa hizi mbili zikichanganyika hutoa mashapo ya kahawia. Je, ncha ya mzizi ikiwa wazi, mnapunguza nguvu ya haipokloraiti au mnahamia kloheksidini, na kati ya dawa moja na nyingine mnasuuza kwa kitu gani?