Mume wangu karudi Congo mwili mzima ila usiku hatulali, naombeni ushauri

mamamapacha_kusini

Habari zenu wadau, naomba mnisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu. Mume wangu alikuwa jeshini, akaenda Congo kulinda amani, akarudi, akamalizia utumishi wake na saiv tuko huku Tandahimba tunalima korosho. Mwilini hana hata kovu, watu wanamsifia kajenga, pensheni kapata, ya ndani nayajua mimi. Analala barazani kaegemea ukuta panga pembeni, ukimwambia ingia ndani anasema akiwa ndani hamwoni anayekuja. Akipitiwa na usingizi anapiga kelele anaita majina ya watu nisiowajua. Msibani anakaa mwisho kabisa karibu na njia, na siku ya mnada wa korosho hakanyagi, anaenda shemeji.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Jirani kawasha mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho yake, sisi tuko mkekani tunakula, yule mtu kamdaka mtoto kamlalia juu, kichwa cha mtoto kakibana chini kwa mkono, ugali umepinduka huko, na hakumwachia mpaka injini ilipozimwa. Mtoto analia baba unaniumiza, yeye hasikii kabisa. Alipoinuka jasho linamchuruzika, kaangalia mchuzi uliomwagika, hajasema neno, kaenda zake kunywa nipa, ile pombe kali ya kienyeji, kurudi usiku wa manane. Halafu kuna vidonge vya valiamu ananunua duka la dawa, anameza juu ya pombe ili apate usingizi.

Mama mkwe anasema kachezewa huko alikokuwa, wanataka wampeleke kwa mganga ng'ambo ya Ruvuma. Ndugu zangu wananiambia nichukue watoto nirudi kwetu. Mimi simwachi, huyu mtu namjua alivyokuwa kabla. Nauliza tu, hii inatibika? Na naanzia wapi, maana ukimtajia hospitali anasema "mimi siyo chizi"?

Chikundi Boy

Pole sana dada. Wazee msiwadharau, Congo kuna mambo, aangaliwe kienyeji kwanza hospitali itafuata.

Mjeda Mstaafu

Mdogo wangu Chikundi nakuheshimu ila hapo hapana. Shemeji, mimi nimekaa Kivu ya Kaskazini. Watu wakisikia kulinda amani wanadhani ni kusimama getini na kofia ya bluu. Ile brigedi iliyoundwa 2013 kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, tulikuwa sisi na Afrika Kusini na Malawi, ilipewa kazi ya kuwafuata waasi waliko na kuwapiga. Desemba 2017 kambi yetu ya Semuliki ilivamiwa, wakauawa askari wetu wasiopungua 14. Mtu aliyepita huko mwili umejifunza kwamba kelele ya ghafla ni kifo, na akifika kwake mwili haujui kama vita imebaki kule. Aliyemlalia mtoto alikuwa anamkinga shemeji, mtoto aelezwe hivyo na baba yake asikie ukimweleza.

Akiwa kwenye ndoto usimtikise hata siku moja, wala usimwinamie. Simama upande wa miguuni, mbali kidogo, mwite jina lake halafu mwambie alipo, uko Tandahimba, uko nyumbani, ni mimi mama fulani, rudia taratibu mpaka ajibu. Jirani aombwe atume mtoto aje kusema kabla hajawasha mashine. Na usimwambie twende tukatibiwe akili, mwambie twende tukatibu usingizi, hilo mwanajeshi hakatai. Na lile panga lake, muongee naye siku hajanywa ili likae kwingine, asinyang'anywe.

nesi_wa_lindi

Dada pole na hongera kwa kusimama naye. Jibu la swali lako ni ndiyo, inatibika, hata baada ya miaka mingi. Dalili ulizoandika zikizidi mwezi madaktari wanaiita PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya mtu kupitia tukio la kutisha, na si ya Congo wala ya waafrika tu, kule Marekani iliingizwa rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili mwaka 1980 baada ya kilio cha askari wa Vietnam. Kwahiyo mama mkwe mwambie kwa heshima, jini hili limewapata mpaka wazungu.

La haraka kwanza, hiyo valiamu na nipa. Vyote viwili vinapunguza pumzi, mtu anaweza kulala asiamke. Ila kama anatumia kila siku asikate ghafla mwenyewe nyumbani, anaweza kupata degedege, apunguziwe na daktari. Tiba yenyewe hasa ni mazungumzo na mtaalamu, anarudishwa kidogo kidogo kwenye lile tukio akiwa sehemu salama mpaka kumbukumbu ipungue makali, mara nyingi ni vikao 8 mpaka 15. Dawa zipo kama setralini na fluoksetini, zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kitu, watu wengi wanaacha wiki ya pili wanasema hazifanyi kazi. Anzieni hospitali ya Ligula pale Mtwara au ile ya kanda pale Mitengo, ulizia afya ya akili, na kikosi cha karibu aulize utaratibu wa wastaafu kutibiwa hospitali za jeshi. Halafu muulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi wazo. Akisema ndiyo usisubiri kesho.

mwana_ruvuma

Na siyo wanajeshi peke yao. Sisi wa kijiji cha Kitaya huku mpakani, Oktoba 2020 walivuka wale waasi kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, wakaua, wakachoma nyumba, mpaka leo mama yangu pikipiki ikipita usiku anakusanya wajukuu wote chumba kimoja. Hakuna aliyetuletea wa kuongea nasi, na hilo linaniuma. Nesi nitampeleka na yeye huko huko.

nesi_wa_lindi

Mlete kaka, tiba ni ile ile.

mamamapacha_kusini

Nimesoma yote nimelia. Jana nilimuita kwa mbali kama alivyosema shemeji, kaamka akauliza "nimemuumiza mtu?" Nikamwambia hapana. Nikamtajia habari ya usingizi kakubali, ila anataka twende gari la alfajiri kabla stendi haijajaa. Nesi, kwa daktari niingie naye au nikae nje?

nesi_wa_lindi

Muulize yeye mkiwa bado nyumbani. Wengi wanataka mke aeleze ya usiku maana wenyewe hawayakumbuki, halafu utoke wabaki wawili, kuna mambo hawezi kuyasema mbele yako. Beba na pakiti ya valiamu daktari aione, na mwombeni awape kiti kinachotazama mlango.